Meno Ndani ya Nundu: Shajara ya Mradi wa Mabuu wa Nyigu-vimelea, Lubumbashi

Kazi yenyewe ni kuchora na kutofautisha mabuu wa nyigu-vimelea wanaoishi ndani ya nundu za mimea, yaani ule uvimbe ambao mmea huujenga kumzunguka mdudu aliyeuchokoza. Anayefungua nundu hukwama daima mahali palepale. Buu aliyekufa kwenye alkoholi ana umbo lakini hana jina. Nyigu mzima aliyetoka mwenyewe ana jina, ila umbo lake la ubuu limekwisha kupotea. Mradi unajaribu kuyakutanisha mawili hayo kwa kitu ambacho wengi hukipangusa pamoja na uchafu wa nundu: ngozi ya mwisho ya buu, na mataya yaliyobaki ndani yake.

Agosti, wiki ya 1

Tunaanza na mwaloni, mti usioota porini popote kusini mwa Sahara. Wadudu wa nundu zake wamechunguzwa kwa miaka mingi, na mabuu wao wamechorwa vizuri kuliko wa nundu nyingi nyingine. Huko Ulaya nundu hizo hujengwa na nyigu wa familia ya Cynipidae. Baada ya mjenzi huja wapangaji: nyigu wa jenasi ya Synergus, wasiojenga nundu yao wenyewe bali hula tishu ya nundu ya mwenzao, kisha nyigu-vimelea wa kundi la Chalcidoidea, wakiwemo Eurytomidae, Torymidae, Megastigmidae, Ormyridae, Pteromalidae, Eupelmidae na Eulophidae. Familia hizi zote ziko Afrika pia. Jicho lililozoea mabuu wa mwaloni litafaa kwa nundu za Katanga.

Vielelezo ni vya aina mbili: nundu zilizohifadhiwa katika alkoholi ya asilimia 70, na nundu kavu za Andricus kollari ambazo wadudu wamekwisha kutoka. Nundu mbichi, zenye wadudu hai, tumezikataa hata kama zingetolewa bure. Baadhi ya vimelea, hasa wa jenasi ya Eupelmus, hawachagui sana mwenyeji, na kukosekana kwa mialoni mjini hakuwazuii kutafuta mwingine.

Agosti, wiki ya 2

Nundu ya Andricus kollari ni kama gololi ya mbao, kipenyo milimita 15 hadi 25, na katikati ina kijumba kimoja. Kabla ya kuikata, soma matundu. Tundu moja la mviringo la milimita 3 hivi ni la mwenye nyumba. Vitundu vidogo kama vya pini ni vya wapangaji na vimelea. Nundu isiyo na tundu lolote inawekwa kando, kwa kuwa aliyemo alikufa kabla ya kutoka na huenda mwili wake ungali ndani.

Kukata katikati moja kwa moja ni kosa. Wembe ukipita kijumbani unaikata ngozi tunayoitafuta. Chora mfereji kuzunguka nundu kwa msumeno mdogo, kina cha milimita 4 au 5, kisha ingiza bisibisi nyembamba na uzungushe mpaka ipasuke yenyewe. Kijumba hupasuka ukingoni na yaliyomo hubaki.

Tatizo la wiki: maji ya kulowekea yaligeuka meusi, na ngozi mbili zikatiwa doa lisilotoka. Nundu za mwaloni zimejaa tanini (kemikali kali ya mimea), na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Kwa karne nyingi wino wa kuandikia ulitengenezwa hivyohivyo, kwa nundu za mwaloni na salfeti ya chuma; sisi tumeutengeneza bila kukusudia kwa wembe wenye kutu na maji ya bidoni. Tangu sasa ni sindano za chuma kisichoshika kutu au vijiti vya mianzi vilivyochongwa, na maji yaliyokenekwa tu. Nundu inalowekwa kwa saa 2, maji yanamwagwa, yanawekwa mengine.

Agosti, wiki ya 3

Umbo la jumla, kwa wanaoanza. Buu hukua kwa hatua, akivua ngozi kutoka moja hadi nyingine. Buu wa hatua ya mwisho hana miguu wala macho; ana kichwa kidogo na pingili 13 za mwili, 3 za kifua na 10 za tumbo. Matundu ya kupumulia kwa kawaida ni jozi 9. Kwa mabuu wachanga wanaokula mwenyeji kutoka nje, jozi zilizo wazi mara nyingi ni 4 tu, kwa hiyo kuhesabu matundu ndiyo njia ya haraka ya kujua kama ulicho nacho ni mtoto au ni buu aliyekomaa. Ukichora buu wa hatua ya kwanza ukidhani ni wa mwisho, ufunguo mzima wa kutambulisha mabuu unaharibika. Hatua ya kwanza mara nyingi ina kichwa kikubwa kulingana na mwili na mataya makali, maana mabuu wawili wakijikuta kijumba kimoja chenye chakula cha mmoja, mmoja humwua mwenzake.

Utumbo wa kati wa buu haujaungana na wa nyuma mpaka amalize kula. Uchafu wote unakaa ndani, na weusi wake unaonekana kupitia ngozi. Siku chache kabla ya kuwa bundo (hatua ya kati ya buu na nyigu mzima) anautoa wote kwa pamoja, vipande vya kahawia au vyeusi, na mwili unabaki mweupe kabisa. Weupe huo ndio alama ya kwamba ngozi itavuliwa karibuni. Ngozi hiyo hukunjamana kwenye ncha ya tumbo la bundo, ndogo kama chembe ya vumbi, mara nyingi imegandamana na ule uchafu. Hapo ndipo pa kuitafuta, na ndipo brashi ya usafi inapopita kwanza.

Agosti, wiki ya 4

Kusafisha. Gramu 10 za haidroksidi ya potasiamu katika mililita 100 za maji, na ni chembe zinazotiwa ndani ya maji, si maji juu ya chembe. Mchanganyiko unapata moto na unaweza kuruka machoni. Ngozi kavu iache humo saa 12 katika joto la chumba. Buu mnene wa alkoholi anatobolewa kwanza kwa sindano kati ya pingili mbili, upande wa tumbo, kisha anaachwa hadi saa 24, maana asipotobolewa mafuta hayatoki. Soda ya watengeneza sabuni, ambayo ndiyo rahisi kupatikana sokoni, huwa ni haidroksidi ya sodiamu. Inafanya kazi, lakini inakula haraka zaidi, kwa hiyo angalia kila baada ya saa 2.

Kuharakisha kwa moto tumekujaribu na tumekuacha. Juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, mchanganyiko ulichemka, vinyweleo vikang'oka, na mataya yakaachana na kichwa yakaenda zake. Ukilazimika kutumia joto, weka kichupa ndani ya maji ya nyuzi 60, si zaidi, kwa dakika 30.

Baada ya hapo: maji mara mbili, tone la siki ili kuzima ukali, maji tena. Ngozi isiyotiwa rangi ni kama mfuko wa nailoni ndani ya maji, unajua ipo lakini huioni. Rangi ya fuksini ya asidi, dakika 10, inatosha kuonyesha mashina ya vinyweleo na pete za matundu ya kupumulia. Mataya hayahitaji rangi, yana kahawia yake.

Cha kugandishia kwenye lamu (kioo cha kuwekea kielelezo chini ya hadubini) ni jeli ya gliserini: jelatini gramu 8 iliyolowekwa katika maji mililita 42, kisha gliserini mililita 50 na fenoli gramu 1 kuzuia ukungu. Fenoli inaunguza ngozi ya mkono. Glavu ni lazima. Jeli ikoroge polepole. Povu likiingia, kipovu kitakaa juu ya taya unalolitaka, hakikosi.

Septemba, wiki ya 1

Hii ndiyo wiki ya mataya, na ndiyo kiini cha mradi.

Mwenye nyumba, buu wa Cynipidae, ana mataya mapana yenye meno zaidi ya moja, yaliyoumbwa kukwangua tishu laini inayozunguka kijumba. Mwili wake ni laini na hauna vinyweleo vya maana. Torymus ni kinyume chake: vinyweleo virefu mwilini, na taya la jino moja, jembamba na lenye ncha, la kutoboa ngozi ya mwenyeji na kufyonza. Eurytoma ana vinyweleo pia, lakini taya lake lina jino la pili upande wa ndani. Megastigmus ana meno kadhaa kwa kila taya. Pteromalidae kama Mesopolobus wana mwili ulio karibu kuwa upara na taya dogo rahisi, na hao ndio wagumu kuwatenganisha wao kwa wao.

Jino la pili la Eurytoma lina maana yake katika maisha. Buu wa Eurytoma brunniventris haridhiki na mwenyeji peke yake. Hula pia tishu ya nundu, na katika nundu yenye vijumba vingi anaweza kutoboa ukuta na kuingia kwa jirani. Ukikuta ngozi ya Eurytoma katika kijumba fulani, usiandike kwamba mwenyeji wake ni yule aliyeanza humo mpaka umeangalia kuta. Torymus hawezi safari hiyo, kijumba chake ndicho ulimwengu wake.

Sasa kosa tuliloligundua katika lamu zetu wenyewe. Eurytoma kadhaa walikuwa wameandikwa "jino moja". Sababu ni ulalo: taya likilala ubavu, jino la pili hujificha nyuma ya la kwanza, na hakuna lenzi itakayolifichua. Dawa ni kuyatenganisha mataya mawili kwa ncha ya sindano, kulaza moja uso juu na jingine mgongo juu, na kuweka vipande vya lameli (kioo chembamba cha kufunikia) iliyovunjwa pande mbili ili kifuniko kisiyagandamize. Lamu zote zilizoandikwa "jino moja" zinarudiwa, bila kubagua.

Jambo la pili ni kuhesabu. Kijumba kimoja kinaweza kuwa na mataya ya mwenyeji aliyeliwa, ya kimelea aliyemla, na ya kimelea wa pili aliyemla huyo wa kwanza. Eupelmus ana tabia hiyo. Ukiwa na jozi mbili au tatu, mwenye kijumba mwishoni ni yule ambaye mataya yake bado yameshikana na ngozi iliyovuliwa ikiwa nzima. Mataya yaliyo peke yake katikati ya mabaki makavu ni ya walioliwa.

Vipimo: mstari wa kipimo ulio kwenye lenzi ya jicho ya hadubini unalinganishwa na lamu ya kipimo (milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila mgawo mikromita 10) kwa kila lenzi, na tena kila hadubini ikihamishwa. Kinachopimwa ni urefu wa taya, si urefu wa buu. Mwili hunyauka na kuvimba kutegemea alkoholi, taya halibadiliki mpaka ngozi ivuliwe. Harrison Dyar alionyesha mwaka 1890, kwa viwavi, kwamba upana wa kichwa hukua kwa uwiano unaokaribiana kutoka hatua hadi hatua. Kwa mabuu wetu wenye vichwa laini, taya ndilo linalofaa kuchukua nafasi hiyo.

Septemba, wiki ya 3

Kutoka mwaloni kwenda mkuyu, au mukuyu kama tunavyotamka hapa. Kuyu ni chumba kilichofungwa chenye mamia ya maua madogo ndani, na nundu ni ovari ya ua moja iliyovimba, buu mmoja kwa kila moja. Mchavushaji wa mkuyu, anayeingia kwa kitundu cha kuyu, ni nyigu Ceratosolen arabicus. Sycophaga sycomori huingia kwa mlango uleule na kujenga nundu bila kuchavusha chochote. Apocrypta longitarsus haingii. Husimama nje na kupenyeza mrija wake mrefu wa kutagia kupitia ukuta wa kuyu mpaka kwenye nundu za Sycophaga. Huyo ndiye kimelea tunayemtafuta.

Makuyu 20 kwa kila mkusanyiko, mifuko ya karatasi, lebo ya penseli ndani ya mfuko, si juu yake. Mifuko ya plastiki inatoa jasho na makuyu yanaoza kwa siku mbili katika joto la mwezi huu. Yachume yakiwa magumu, nundu zikiwa zimejaa lakini bila tundu. Ukichelewa, madume wasio na mabawa wanakuwa wamekwisha kutoboa nundu za majike, na takataka za nundu moja zinaingia nyingine.

Utomvu ndio adui wa kazi hii. Kuyu likatwe kikonyo na lisimamishwe kichwa chini kwa dakika 20 litiririke kabla ya kupasuliwa. Sindano zinapanguswa kwa mafuta ya taa, kisha alkoholi. Buu aliyeguswa na utomvu hatupimi, kwa kuwa unamganda kama gundi na vinyweleo vinalala.

Mabuu wa kuhifadhiwa wanauawa kwanza kwa maji yaliyotoka kuchemka, sekunde 30, halafu alkoholi ya asilimia 80, ikibadilishwa baada ya siku moja kwa sababu maji ya mwilini huizimua. Buu anayetupwa hai kwenye alkoholi hunyauka na kuwa mweusi. Wa uchunguzi wa vinasaba hawapiti maji ya moto; wanakwenda moja kwa moja asilimia 96, na hawa hatuwachori.

Septemba, wiki ya 4

Kufuga. Nundu mojamoja katika vidonge vitupu vya jelatini namba 0, vya farmasi. Hewa ya Lubumbashi kabla ya mvua ni kavu mno, nundu iliyotolewa kwenye kuyu inasinyaa kwa siku moja. Kwa hiyo vidonge viliwekwa ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, pamoja na kisahani cha chumvi ya jikoni iliyolowa. Chumvi iliyoshiba hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 75, na joto la chumba haliubadilishi sana. Chumvi ya soko la Kenya inafaa (komini, siyo nchi). Sharti ni chembe ambazo hazijayeyuka zionekane wakati wote. Ikiwa maji matupu, unyevu unapanda na hutajua.

Vidonge havikufaa. Katika unyevu huo jelatini inalainika, na vingi viligandamana na nundu ndani yake. Vimebadilishwa kwa vichupa vya plastiki vya mililita 0.2, kifuniko kimetobolewa na kuzibwa kwa pamba.

Oktoba, wiki ya 2

Nyigu hawatoki. Nundu zimekuwa nyeusi, nyigu mzima anaonekana ndani kupitia ukuta, mabawa yamekwisha kukomaa, kisha anakufa palepale. Unyevu ulishukiwa kwanza, ukapandishwa, ukungu ukaja, na bado hawakutoka.

Chanzo kiko katika maisha ya nyigu wa mikuyu. Kwenye mwaloni nyigu hutafuna njia yake mwenyewe mpaka nje. Ndani ya kuyu, madume ndio wanaotangulia kutoboa nundu, na jike hutumia tundu hilo. Jike aliyefungiwa peke yake kwenye kichupa anamsubiri dume ambaye hatafika. Kwa ajili ya nyigu wakamilifu, basi, nusu za kuyu zinawekwa pamoja kwenye chombo kikubwa, madume na majike, wafanye kazi yao.

Vichupa vyenye maiti havikutupwa. Nyigu aliyekufa ndani ya nundu iliyofungwa yupo pamoja na ngozi yake mwenyewe, mataya yake mwenyewe na uchafu wake mwenyewe, na hakuna jirani aliyeweza kuingia. Ni uthibitisho safi kuliko wowote tuliopata kwenye mwaloni. Nundu hizo sasa zinalowekwa kwenye maji yenye tone moja la sabuni kwa saa 3, zinafunguliwa upande wa kichwa, nyigu anabandikwa kwenye kadi, ngozi inakwenda kwenye haidroksidi ya potasiamu, na vyote viwili vinapewa namba moja. Utaratibu wa kumfungia kila mmoja peke yake unaendelea kwa makusudi.

Novemba, wiki ya 1

Mvua zimeanza. Kisahani cha chumvi sasa kinafanya kazi ya kinyume, kinanyonya maji badala ya kutoa, na kinajaa. Mimina maji ya juu kila siku 2 na uongeze chumvi. Ukungu huanzia kwenye uchafu wa buu kabla ya kufika kwa bundo. Palipoota, kata kipande hicho, lakini kwanza kichunguze chini ya hadubini kwa sababu ndipo ngozi ilipo.

Umeme ukikatika, taa ya tochi iliyofunikwa kwa karatasi ya mafuta inatosha kwa kufungua nundu. Kwa mataya haitoshi, kivuli chake kinazalisha meno yasiyokuwepo.

Novemba, wiki ya 3

Michoro ya mwaloni imekamilika kwa Torymus, Eurytoma na Megastigmus. Ya Ormyrus inasubiri ngozi isiyopasuka kichwani. Kwa mkuyu, jozi za nyigu na ngozi zenye namba moja zimepangwa kwenye sanduku la pili, majike upande wa kushoto. Lamu 17 imeandikwa "jino moja" na taya lake limelala ubavu. Inapashwa moto leo jioni jeli iyeyuke, taya ligeuzwe.